Trela la Maji kwa Landrova ya Bodi Fupi

Garissa, 20 Novemba 1966

Kwa mdogo wangu Kulow,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute mzima, wewe na Saado na mimba yake, na baridi ya Nairobi isiwe imewagandisha. Sisi huku tu salama kwa kadiri ya salama inayopatikana mwaka huu. Mvua imetunyunyizia tu ikaenda zake. Mbuzi wangu mwekundu, yule mwizi, amezaa mapacha na sasa tuna wezi watatu. Fundi Adow anakusalimu, anasema nyundo uliyomwachia bado inafanya kazi kuliko wewe.

Salamu pia kwa bwana anayefungua barua hizi kabla yako. Lugha yetu haijapata maandishi yake, na hiyo ni heri kwake, maana naandika Kiswahili na hana haja ya kutafuta mkalimani.

Sasa jambo lenyewe. Hooyo amehamishwa. Watu wote wa upande ule wamekusanywa, eti wasiwalishe shifta wanaopigana msituni, katika kijiji kipya nje kidogo ya Bura, ndani ya boma la miiba, na askari langoni. Nilikwenda na kibali mkononi nikamwambia, mama, twende ukae kwangu. Akakataa. Anasema wanawake aliohama nao malisho tangu ujana wamo mle, na yeye hawezi kuwaacha akaja mjini kunywa chai. Unamjua. Ukimvuta mkono anakaa chini.

Shida ni maji. Mto uko mbali nao, na msitu wa kando yake hauruhusiwi kuingiwa na mtu. Lori la serikali huleta maji likiwa zima, na siku nyingi si zima. Juzi nilimkuta midomo imepasuka, kumbe fungu lake alimpa jirani mwenye mtoto mchanga. Nilimgombeza pale, kisha nikalia njia nzima ya kurudi.

Kwa hiyo nimeomba nikapewa idhini ya kupeleka maji kwa Landrova aliyoniachia marehemu mume wangu Duale, ndani ya msafara wa askari. Dereva aliyeandikwa ni Bare, unamjua, mrefu yule wa Duale. Lakini bodi ya gari ni fupi, inachukua mapipa mawili na kelele nyingi. Nitengenezee trela la tangi. Ulifunge nyuma kwa ndoano imara, basi. Ngamia wa mizigo hufungwa kamba mkiani mwa mwenzake, na wamefika kila mahali pa dunia hii. Fanya upesi. Jilaal inakuja, na kiangazi hicho hakina huruma na mtu mzee.

Dada yako,
Nafiso


Nairobi, 11 Desemba 1966

Abayo Nafiso,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika ikiwa imebandikwa upya na mtu asiyejua kazi ya gundi. Tunashukuru Mungu kwa uzima. Saado anakusalimu. Tumbo linakua na hasira inakua nalo. Jana amenifukuza ndani eti nanuka chuma. Mimi ni fundi wa kuchomelea, sijui alitaka ninuke maua gani.

Habari ya Hooyo nimeipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kazini, nikarudi nikaisoma tena. Sitaandika mengi juu yake. Tujenge trela.

Lakini ndoano ya nyuma, hapana. Ngamia wa nyuma ana miguu yake minne na anajibeba mwenyewe. Trela lako litakuwa na magurudumu mawili, na sehemu ya uzito wake itaning'inia kwenye mkia wa Landrova. Mkia ukishuka, mbele panainuka. Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, Bare atazungusha usukani na gari litaendelea na safari yake. Mkifika kwenye laga, pale mto mkavu unapokata barabara, mchanga utawameza. Wewe ni mpakiaji, niambie: ungempakia ngamia mzigo wote matakoni?

Kuna njia ya malori makubwa ya Mombasa. Sahani nene ya chuma inafungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, na bolti zake zinashika chesisi. Trela linakuwa na shingo ndefu inayoingia bodini kwa juu, na chini ya shingo kuna pini inayokaa katika tundu la sahani. Uzito wote unakaa juu ya magurudumu na kuyakandamiza mchangani. Gari linavuta kwa nguvu zake zote.

Ila bodi yako ni fupi, umesema kweli. Gari likikata kona kali, pua ya trela inazunguka, na kona yake inakuja kugonga kioo cha nyuma, inchi chache tu kutoka kichwa cha dereva. Dawa yake ni reli. Sahani inakaa juu ya reli mbili. Kabla ya kona kali dereva anashuka, anachomoa kipini kinachofunga sahani, anasogeza gari mbele kidogo, sahani inateleza nyuma, anarudisha kipini. Tajiri wangu Kalasinga anayo moja kwenye uwanja wake wa vyuma vikuukuu, na atanipa. Mimi nachagua reli.

Ningekuja kuifunga mwenyewe, lakini kazi ni nyingi hapa.

Mdogo wako,
Kulow


Garissa, 8 Januari 1967

Kulow ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa nimefunga, kwa hiyo ukali wangu uhesabu nusu. Ramadhani inakwisha na tunamshukuru Mungu. Nilimpelekea Hooyo tende na sukari. Tende amegawa, sukari amekula. Anauliza kama Saado anapata maziwa. Nimemwambia Nairobi maziwa yanakuja kwa chupa, akasema masikini.

Bwana wa gundi, salamu. Safari hii tumia kidogo.

Umenishinda kwenye mkia. Ulipotaja matako ya ngamia niliona kosa langu. Mzigo unakaa penye mgongo wenye nguvu, hilo nililijua kabla hujazaliwa, ila chuma kilinipumbaza. Leta sahani yako, ikae juu ya ekseli.

Lakini reli, hapana, na hapa nimekushinda mimi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unaona dereva anashuka, anachomoa, anasogeza, anarudisha, kana kwamba yuko kwenye uwanja wa Kalasinga wako. Sisi tunakwenda kwa msafara. Amri ni kwamba hakuna mtu kushuka kabla ya Bura, na atakayeshuka asije akalia. Anayekanyaga pembeni ya barabara hajui anakanyaga nini. Wiki iliyopita lori lililokuwa mbele yetu lilikanyaga bomu lililofukiwa. Dereva hakupona. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, na nadhani bwana wa gundi naye hataki.

Tena hicho kipini, hata kama tungeruhusiwa kushuka, kinavutwa na mkono wa namna gani? Si kila dereva ana mkono wa Bare. Na hiyo kona ya trela inakuja kimo gani? Ikigonga kioo, inamkuta dereva begani au kichwani? Niandikie kwa dereva mrefu na kwa dereva mfupi, wote wawili.

Bare hajambo, yuko nyumbani kwake na watoto wake.

Unasema kazi ni nyingi. Hata zamani ilikuwa nyingi, na ulikuwa unakuja.

Nafiso


Nairobi, 29 Januari 1967

Abayo Nafiso,

Assalaam alaykum na baraka za Idd iliyopita. Saado ni mzito sasa, anatembea kama mzee wa baraza na anatoa hukumu vilevile. Nyumba yetu imepakwa chokaa. Hayo ndiyo mambo mema.

Habari ya lori nilikuwa nimeshaisikia hapa Islii kabla ya barua yako, ila hawakutaja jina la dereva. Nilikaa bila kula mpaka barua yako ikafika. Mshike Bare mkono kwa niaba yangu. Mtu anayerudi kwenye barabara hiyo baada ya kuona vile ana moyo, na mimi namheshimu.

Na umenishinda kwenye reli. Nilichagua kama fundi aliyekaa kivulini. Kwa hiyo nimefanya hivi, na nimefanya vizuri, hata Kalasinga ameinama kutazama chini yake akatikisa kilemba.

Sahani haitelezi. Imekaa mahali pamoja, nyuma kidogo ya ekseli, si nyingi, kiasi ambacho mchanga hautatambua. Shingo ya trela nimeirefusha. Na badala ya kusumbua gari, nimesumbua trela: pua yake nimeikata kona zote mbili, sasa imechongoka kama uso wa mbuzi. Bare anaweza kukata kona hadi gari na trela vitazamane, na hakuna kitakachogusa kioo. Hashuki, havuti chochote. Dereva mrefu au mfupi ni mamoja, ingawa sijui kwa nini umeuliza habari ya mfupi, na Bare akiingia mlangoni lazima ainame.

Sasa sikiliza neno moja, abayo. Mahali nilipokata kona pataonekana ni nafasi ya bure. Si ya bure. Nafasi hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya. Msiweke kitu hapo, hata kibuyu, hata kanzu ya mtu. Nimechora picha nyuma ya karatasi hii, sahani, pini na shingo, na pale pa kuachwa patupu nimepaka wino mzito. Mwonyeshe Adow na Bare.

Trela linaondoka Jumatano juu ya lori la mfanyabiashara mmoja atakayejiunga na msafara. Bolti zimo ndani ya mfuko wa ngozi. Adow atoboe chesisi taratibu, asitumie moto.

Mimi bado nimebanwa na kazi.

Kulow


Garissa, 26 Februari 1967

Kulow, fundi wa mafundi,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Mapacha wa mbuzi wameiba unga wa jirani na nimeitwa barazani kwa ajili yao. Adow ana chunusi jichoni lakini anaona kinachomfaa.

Trela limefika. Barua yako haijafika, maana najua uliandika. Huwezi kutuma chuma bila maneno. Bwana wa gundi, kama unasoma hii, tafuta chini ya meza yako.

Hatukungoja. Adow alitazama sahani, akatazama bodi, akasema huyu mtoto amekuwa mtu. Ametoboa taratibu na bolti zimekaa kama zilizaliwa pale. Na kweli, ndugu yangu, gari limebadilika. Kwenye laga, pale mapipa yalipokuwa yanatuzika, sasa magurudumu yanashika mchanga na kupanda. Usukani haupepei. Mkono unausikia njia nzima, hata tangi likiwa limejaa. Nimecheka peke yangu.

Siku ya kwanza tulipoingia kijijini wanawake walisimama mbali kwanza, hawakuamini kwamba tangi zima ni lao. Hooyo alikunywa, akanawa uso, kisha akanawa tena bila sababu. Alisema alikuwa amesahau uso wake una baridi gani. Nakuandikia hilo ulibebe popote uendapo.

Kitu kimoja nimekirekebisha. Kule mbele ya trela uliacha nafasi mbili kando ya pua. Nilifikiri chuma kilikupungukia. Unajua sisi wanawake ndio tunaopakia ngamia, na mama zetu walitufundisha kwamba ngamia akiondoka na pengo kwenye mzigo, aliyempakia anachekwa mpaka kambi inayofuata. Basi nimesuka nyavu za kamba nikaning'iniza madebe, mawili kila upande. Yamekaa vizuri sana. Maji ya madebe ni ya wajawazito na wazee, wanapewa kwanza kabla foleni ya tangi haijaanza. Hooyo ndiye anayeyagawa, na amekuwa mkali kuliko askari wa langoni.

Njia ya kuingia ni nyoofu, hakuna shida. Wiki zijazo watahamisha lango upande wa mashariki, itabidi tukate kona kuingia. Lakini umesema trela hili linaweza, au utakuwa umesema kwenye barua iliyopotea.

Nafiso


Nairobi, 12 Machi 1967

Abayo,

Toa madebe. Usimalize kusoma. Nenda ukayatoe, kisha rudi.

Kama umerudi: ile nafasi niliikata kwa makusudi. Debe likiwa pale, kona imerudi, tena imerudi ikiwa nene kuliko ya kwanza. Gari likikata kona kali debe lililojaa maji litaingia kwa kioo cha nyuma. Kichwa cha Bare kiko pale. Asiendeshe hata hatua moja kabla hujayatoa. Niliandika yote tarehe 29 Januari na nikachora. Nimezunguka Islii yote nikitafuta mtu anayesafiri huko achukue neno kwa mdomo, na sikumpata.

Saado amejifungua mtoto wa kike usiku wa Jumanne. Tumemwita Nimo. Wote wazima. Sikupanga kukupa habari hii kwa namna hii.

Kulow


Garissa, 28 Machi 1967

Mdogo wangu Kulow,

Assalaam alaykum, na Idd njema iliyopita, na karibu duniani Nimo. Mungu amkuze katika nchi iliyotulia. Hooyo amepiga vigelegele mpaka askari wakaja kuuliza kuna nini. Tumechinja dume la mbuzi kwa ajili yake, na nyama imeliwa kwa sifa zako.

Barua zako mbili zimefika siku moja, Jumamosi, ya Januari na ya Machi pamoja. Ile ya Januari ilikuwa imechorwa alama ya swali kwa wino mwekundu juu ya picha yako. Sahani, pini na shingo ndefu, nadhani mtu aliona mzinga wa vita. Bwana wa gundi, sikusalimu leo.

Zilichelewa zote mbili. Nakuambia mapema kwamba hakuna aliyekufa, ili usome ukiwa umekaa.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Idd. Lango lilikuwa limehamishwa. Askari alionyesha kwa mkono, gari likakata kona kuingia, na debe la kulia likapita katika kioo cha nyuma. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Askari wote walilala chini na mitutu ikatugeukia. Mmoja akapiga kelele, "Dereva, toka! Mikono juu!"

Dereva akatoka. Ndugu yangu, dereva alikuwa mimi.

Bare aliacha usukani siku ile ile ya lori, mwezi wa Januari. Tulipofika Garissa alinipa funguo akasema, "Mama Nafiso, gari hili nalipenda, lakini watoto wangu nawapenda zaidi." Simlaumu, na wewe usimlaumu. Kumtafuta mwingine kungechukua muda, na Hooyo hakuwa na muda. Duale alinifundisha kusoma na kuendesha mwaka mmoja, kwa hasira ileile, na vyote viwili vimebaki. Nilivaa koti lake na kilemba, nikakaa katikati ya msafara, na vumbi likafanya kazi iliyobaki. Sikukuambia kwa sababu ungewaandikia wajomba, na wajomba wangekuja na hekima yao, na mama angekaa na kiu tukiwa tunasikiliza hekima. Kwa hiyo sikuombi msamaha. Madebe tu ndiyo yananiuma. Nilijivunia upakiaji wangu nikaharibu kazi yako.

Sikio langu la kulia limepasuka, limeshonwa, na herini bado inaning'inia. Kama ningekuwa na urefu wa Bare lingekuwa jambo jingine. Debe lilipita juu ya bega, likamwagikia pale ambapo yeye angeweka shingo.

Kilemba kilikuwa kimeanguka. Wote wakaona ni mwanamke. Ofisa wa kijiji alikuja na karatasi yake akasema, "Hapa pameandikwa Bare. Wewe ni nani?" Kabla sijafungua mdomo, Hooyo akapita katikati ya bunduki na mtungi wake kichwani. Hajawahi kusema Kiswahili mbele yangu, sijui alikiweka wapi miaka yote hii, na ulimi wake haujui p wala v. Akasema, "Huyu mtoto yangu. Ngamia yeye nabakia tangu iko mdogo. Leo mzigo ndio fibaya. Dereva haina makosa." Nikaona ofisa anabana midomo asicheke.

Alitazama foleni ya wanawake, akasema maji yateremshwe kwanza. Yalipokwisha akaniambia, "Toa gari kinyumenyume kwa lango hili, mbele yangu." Nilikuwa nimekwisha kuzikata nyavu zote. Nikaingia, damu shingoni, nikarudi nyuma nikikata kona mpaka trela likawa ubavuni pangu. Pua yako ya mbuzi ikapita kando ya chumba cha dereva bila kugusa, hata unywele. Nikatoka kwa lango mara moja, bila kusahihisha. Ofisa akafuta jina la Bare, akaandika langu, akaliandika vibaya, nikamwambia aandike tena.

Sasa nakwenda na jina langu. Lango nalikata kila safari kwa kasi kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa makusudi. Kama wewe una neno lako la kuniambia, liseme. Kazi haiwezi kuwa nyingi namna hiyo.

Dada yako,
Nafiso


Nairobi, 16 Aprili 1967

Abayo Nafiso,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Nimo analala mchana na kukesha usiku, na Saado anasema ni damu ya upande wetu. Mvua zimeanza hapa. Natumai na kwenu, na kwamba Hooyo ameweka vyombo vyote nje.

Barua yako nilimsomea Saado. Nilipofika pale dereva alipotoka, nilishindwa, akaichukua akanisomea yeye. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka aliponiita. Nilikuwa nimekasirika sana, na nilipotafuta nimkasirikie nani sikumpata mtu. Kwa hiyo sikugombezi. Unajua vizuri ningesema nini, nami najua ungenijibu nini.

Mficha uchi hazai, nami niseme langu. Kazi si nyingi. Tangu mwezi wa Novemba nimekwenda kuomba kibali cha kuja Garissa, na kila mara wananitazama jina, wananitazama uso, wananiambia nirudi. Mara ya mwisho waliniweka ndani kwa siku kadhaa wakiniuliza maswali ambayo hata wao hawakuyaamini. Kalasinga ndiye aliyekuja kunitoa. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na mama mwenye kiu, na sikutaka uwe na ndugu wa kumhurumia juu yake. Chuma niliruhusiwa kukituma. Ndiyo maana nilikitengeneza kama mtu anayejituma mwenyewe.

Kwa hiyo pokea hivi. Wavu wa chuma wa dirisha la nyuma, umepimwa, una bolti zake. Kioo kipya si cha lazima. Kanyagio la kuongezea klachi, maana najua mguu wako haufiki vizuri, usibishe. Na kile kiti cha Landrova nimekiundia reli ndogo ya kufungwa chini yake ili kisogee mbele. Umenikatalia reli mara moja, hii utaikubali. Kila kitu nilichokifanya mwanzo nilikipima kwa mwili wa Bare. Hiki nimekipima kwa mwili wako, kwa kumbukumbu tu, na Saado anasema nimekufanya mnene.

Adow afunge. Madebe yakae bodini, nyuma ya sahani, pana nafasi huko na mpakiaji hatachekwa.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelifikiria siku nyingi. Tangu Januari, kila baada ya sala ya alfajiri, nimekuwa nikimwombea Bare. Nilimtaja kwa jina lake na la baba yake, na barabara ya Bura, na magurudumu manne ya gari na mawili ya trela, moja moja. Miezi hiyo yote yeye alikuwa amelala kwake na watoto wake, na wewe ulikuwa unapita palepale, na hapa hakuna mtu aliyekuwa anakutaja. Mungu anajua dua zile alizipeleka wapi. Mimi sikungoja kuuliza. Siku niliyosoma barua yako nilitandika msala wakati usio wa sala, nikaanza upya kutoka Januari.

Ndugu yako,
Kulow